Magadi Kwenye Tangi la Nne

Siku ya ishirini na tisa niliamshwa na chuma cha pua. Kiliniwasha chini kidogo ya kiwiko, palepale pa siku zote, nikajikuna nikiwa bado na shuka kichwani. Kujikuna hakusaidii. Kinachowasha kiko kilomita mbili kutoka kitandani, kimening'inia kwenye tindikali, lakini nenda kauambie mkono.

Saa mbili asubuhi nilikuwa kiwandani, kando ya sufuria ya majaribio, bado najikuna.

"Punguza basi, mtani," Haule alisema. "Wageni watadhani Wahehe wote mna upele."

"Upele hatuna. Tatizo tumejenga karibu na Wangoni."

Osmund Haule ni msimamizi wa Zamu B, na ni mtani wangu kwa kabila na kwa bahati mbaya. Miaka kumi na minane tunatukanana hivyo. Hapa Makambako upepo unaweza kukunyang'anya sentensi mdomoni ukabaki na mdomo wazi, lakini matusi ya Haule hunifikia mazima, hayajapungua hata herufi.

Sufuria yenyewe haikuwa kubwa, ingetosha kupikia ugali wa watu ishirini. Ilikuwa imeungwa kwa mrija na Tangi la Nne ili inywe tindikali ileile tunayosafishia vali za mitambo ya mvuke. Tofauti ilikuwa moto tu. Tangi la Nne ni la plastiki na linafanya kazi kwa nyuzi hamsini. Ukilizidishia linalegea kama soksi ya zamani. Sasa Mratibu, mashine inayotupangia kazi, ilikuwa imeamua kwamba tangi jipya lichemke nyuzi tisini, libebe lita elfu arobaini, na likae ghorofani ili huku chini nafasi ipatikane. Plastiki hapo inaaga. Lazima tangi liwe la metali, na metali lazima ichaguliwe na mhisi. Mhisi ndiye mimi, Tumsifu Kalinga, mwenye bangili.

Ndani ya sufuria vilining'inia vipande vitatu. Kila kimoja kilikuwa na waya wake hadi kwenye kisanduku, na kisanduku kilizungumza na bangili iliyoota kwenye mkono wangu wa kushoto. Kipande kikiliwa na tindikali, mimi nawashwa. Zamani walitumia vipimo, na vipimo vilisema kweli siku zote, kwa namba ndogondogo kwenye kioo. Mpaka siku moja kiwanda kimoja cha kaskazini kikamwagia tindikali zamu nzima, huku kioo kikiendelea kuonyesha namba sahihi ambayo hakuna aliyeisoma. Ndipo ikatungwa sheria kwamba kila tangi la metali liwe na mtu wa kuwashwa kwa niaba yake. Namba hailalamiki. Mimi nalalamika vizuri sana, muulize mume wangu.

"Haya, lalamika," Haule alisema. "Kesho Injinia anakuja. Nani kashinda?"

"Chuma cha pua hapana. Pale kwenye mshono wa kuchomelea kinaliwa kama mkate. Nikeli yenye kromu nyingi si mbaya. Ina joto la mbali, kama mtu aliyekuwekea kiganja begani akasahau kukiondoa."

"Na titani?"

"Titani kimya. Siku ishirini na tisa kwenye moto ule, haijasema hata neno. Huyo ndiye mume wa kuolewa naye. Hali hovyo, hazeeki, hajibu."

"Basi kesho tia sahihi waanze kujenga," Haule alisema, akijinyoosha mgongo. "Na sisi turudishie magadi, watu wapumue."

Nilianza kucheka, kisha nikamgeukia.

"Magadi gani?"

"Magadi yako, mtani. Unajifanya umesahau?" Alishusha sauti, ingawa upepo ulikuwa unapiga mabati kiasi kwamba hata mimi sikumsikia vizuri. "Tuliyasimamisha mwezi mzima kwa ajili yako. Tuliambizana zamu zote: mhisi wetu ana vipande mkononi, asije akaungua bure. Watu wamekula chakula wamesimama siku ishirini na tisa ili tufikishe idadi. Wala hujatuambia asante."

Hayo magadi si ya kupikia maharage, ingawa tuliyapa jina hilo kwa sababu yana kazi ileile ya kuharakisha kinachochelewa. Ni chumvi nyeupe ya floridi, ya kuchorea vioo, inakaa stoo ya nyuma. Vali ikitoka kuchomelewa inakuwa na gamba jeusi kwenye mshono. Tindikali peke yake hulitoa kwa dakika arobaini. Tia kikombe kimoja cha magadi, dakika kumi na mbili. Kitabu cha tangi hakiyataji. Aliyeyatia mara ya kwanza alikuwa fundi mmoja wa Zamu B ambaye mama yake alilazwa Njombe, na kila Ijumaa alitaka awahi muda wa kuona wagonjwa. Alifundisha wenzake wanne, nao wakafundisha wengine. Kisha mama akapona, fundi akapandishwa cheo, akavalishwa bangili.

Ndiyo, mimi. Na nilipovaa bangili sikuyasikia tena, kwa sababu Tangi la Nne ni la plastiki, na plastiki haina hisia, wala floridi haina ugomvi nayo. Miaka kumi na moja niliyafikiria magadi kama watu wanavyofikiria nguo walizoacha kwa wifi. Yapo huko, hayana neno.

Nilitazama ile sufuria. Titani ilikuwa inang'aa ndani ya tindikali, safi, kimya. Watu wangu wote walikuwa wamenificha kitu kwa kunipenda, na kwa mwezi mzima nilikuwa nimewashwa na tangi ambalo halipo.

"Umekuwaje?" Haule aliuliza. "Umekuwa mweupe kama Mzungu wa posta."

"Nina njaa," nilisema, nikashuka ngazi.

*

Chini ya mahali pale patakapokaa tangi kuna meza za ukaguzi. Watu thelathini na mmoja hukaa hapo wakichungulia vali moja moja kabla hazijafungwa kwenda kwenye visima vya mvuke Rungwe. Mafundi wa ujenzi walikuwa wamechora mraba mkubwa wa chaki kwenye dari kuonyesha tangi litakapokaa. Katikati ya mraba, chini yake, alikuwa amekaa Mama Semeni Chaula na chupa yake ya chai.

"Kamwene, Tumsi."

"Kamwene, mama. Si ulikuwa unakaa kule dirishani?"

"Nimehama." Alivuta kitenge mabegani kwa furaha. "Wanasema tangi lenu litachemka. Kwa baridi hii ya Makambako, mwanangu, nyuzi tisini juu ya kichwa si ni jiko la bure? Watu wamegombania nafasi hapa, acha. Nimeshinda kwa umri. Yule Ezekia amebaki anapepesuka pale mlangoni, mkosi wake."

"Umewahi mno. Halijajengwa hata."

"Nafasi inakamatwa mapema."

Nilicheka, kwa sababu ndiyo kazi yangu pale, kila mtu ananisubiri nicheke. Halafu nikaenda nyuma ya nguzo kwenye kisanduku cha Mratibu, nikakiegemea kama mtu anayesubiri mwenzake.

"Mratibu. Titani ya milimita nane, tindikali ya naitriki, nyuzi tisini. Inaishi muda gani?"

"Zaidi ya miaka thelathini," ilijibu kwa sauti yake ya mtangazaji wa taarifa ya habari.

"Na kila zamu mtu akitia kikombe kimoja cha floridi?"

Nilichungulia nyuma ya nguzo kama kuna anayesikiliza.

"Titani hulindwa na utando mwembamba sana wa oksidi. Floridi huuvua. Kwa vipimo ulivyotaja, miezi minne hadi sita. Haitavuja taratibu. Titani iliyovuliwa utando hunywa hidrojeni, na ikishainywa hukakamaa kama kauri. Mishono itapasuka ghafla. Je, Tangi la Nne lina floridi?"

"Nauliza tu."

"Swali limehifadhiwa."

"Nikeli yenye kromu nyingi je?"

"Italiwa polepole. Miaka saba hadi tisa, ikikaguliwa. Lakini haipatikani kabla ya miezi kumi na mmoja, na kwa mujibu wa kitabu cha tangi haihitajiki. Kitabu hakitaji floridi. Je, kuna floridi?"

"Nimesema nauliza tu."

"Ndiyo. Umesema."

Kwenye meza za ukaguzi Mama Semeni alikuwa anamwonyesha jirani yake jinsi atakavyopanga miguu chini ya lile joto.

*

Nilimkuta Haule nyuma ya stoo, mahali pekee ambapo ukuta unakinga upepo. Nilimweleza yote bila kuweka mzaha hata mmoja. Nadhani hilo ndilo lililomtisha kuliko titani yenyewe.

"Tutaacha," alisema. "Yamekwisha. Magadi basi."

"Mtaacha?"

"Si tumeacha mwezi mzima?"

"Mkila mmesimama. Haule, idadi ya vali kwa zamu aliipanga nani?"

"Mratibu."

"Aliipangaje? Alitazama kasi yetu ya miaka kumi na moja akaona hiki ndicho kiwango cha binadamu. Idadi yenyewe ina magadi ndani yake. Na tangi jipya likija ataongeza nyingine kwa sababu ya moto. Utawasimamisha watu wale mpaka lini? Mpaka wastaafu?"

Alikuna ndevu. "Basi sikiliza. Wewe una bangili. Tangi likiwa la metali utalisikia. Titani ikianza kuliwa utaungua, utatupigia kelele, tutaacha papo hapo. Kuna ulinzi gani zaidi ya huo?"

Nilikuwa nimeshaliwaza hilo tangu ngazini, na nilikuwa nimelipenda. Kukaa na siri mkononi, niichunge mwenyewe, nisimwambie mtu. Lilikuwa wazo tamu kabisa, na ndiyo maana niliogopa.

"Nitaungua siku ya kwanza," nilisema. "Nitasema nini? Nitakwambia wewe, mtaacha wiki mbili, idadi itawashinda, mtatia nusu kikombe. Nitaungua nusu. Nami nitazoea. Leo asubuhi chuma cha pua kimeniwasha nikajikuna huku nimelala, Haule. Mwili unazoea kila kitu. Halafu mshono hautaniambia siku ya kupasuka. Hauumi kwanza. Unapasuka tu."

"Chagua nikeli, basi. Sema titani inakuwasha."

"Kesho vinapimwa kwenye mizani mbele ya Injinia. Titani itatoka na uzito uleule iliyoingia nao."

"Sema huipendi rangi."

Hata yeye hakucheka. Upepo ulizunguka kona ukatupiga mavumbi, tukageuza nyuso upande mmoja.

"Wakijua," alisema polepole, "wanakuvua."

Hakuhitaji kunieleza. Mhisi aliyeficha kilichomo ndani ya tangi huvuliwa bangili, kwa sababu hisia zake haziaminiki tena. Wanaostaafu kwa heshima hubaki nayo mpaka kaburini, na kuna sababu. Baada ya miaka kumi mishipa ya fahamu inakuwa imeshahama, imejishona kwenye waya. Ukiitoa bangili, mkono kuanzia kiwikoni mpaka kwenye kucha unalala na hauamki. Unainua, unashika, unabeba, ila hujui. Nilimjua mzee mmoja aliyevuliwa. Aliweka mkono juu ya jiko akazungumza habari za mpira mpaka mkewe aliposikia harufu.

Mimi ni wa kushoto. Kwa mkono huohuo nakanda unga, namsuka mwanangu Asifiwe mistari bila kutazama, kwa vidole tu, tukipiga umbea. Nilijikuta nimeuficha chini ya kwapa, kama mtu aliyeona mwizi.

"Siwezi kukuomba upoteze mkono," Haule alisema. "Na kwa watu thelathini na mmoja wale siwezi kukuomba unyamaze. Kwa hiyo sikuombi kitu."

"Afadhali."

Kisha akaomba.

"Ila mtani... usinitaje. Nina watoto wawili chuoni."

Ningeweza kumtukana. Ilikuwa haki yangu ya ukoo kabisa. Lakini alikuwa ananiangalia kama mtu aliyejisikia akisema, akajichukia.

"Ninalo jina langu la kutaja," nilimwambia. "Likiniishia nitaazima lako."

*

Injinia Shadya Makame wa Idara ya Matangi alifika kesho yake saa nne, mwanamke mwembamba wa Unguja aliyejifunga mitandio miwili juu ya koti na bado akatetemeka.

"Hii baridi yenu jamani ina ugomvi na mtu," alisema. "Hebu tufanye upesi."

Tulisimama kuizunguka sufuria, chini ya feni ya kufyonza mvuke. Walikuwepo wawakilishi wa zamu zote, Haule wa Zamu B, na Mama Semeni kwa niaba ya meza za ukaguzi. Injinia alichomoa vipande, akavisuuza, akavikausha, akaviweka kwenye mizani kimoja kimoja. Chuma cha pua kilikuwa kimepungua vibaya. Nikeli ilipungua kidogo sana. Titani haikupungua kitu.

"Masha Allah," alisema Injinia, akiigeuza kwenye mwanga kama mtu anayenunua hereni. "Siku thelathini! Bi Tumsifu, mkono wako unasemaje?"

"Mkono unasema ni titani," nilijibu. "Lakini mkono umedanganywa. Kwenye Tangi la Nne kuna floridi. Kila zamu inatiwa kikombe kimoja, miaka kumi na moja sasa. Mwezi huu haikutiwa kwa sababu watu walinionea huruma. Mimi ndiye niliyeianzisha. Ukijenga tangi la titani litapasuka kabla ya mwaka, na litamwagikia Mama Semeni na chai yake."

Mtu wa Zamu A akaanza kucheka, na wengine wakamfuata, wanaoyajua magadi wakishukuru kupata pa kujificha.

Mtanielewa. Miaka kumi na minane nimewachekesha watu hawa. Niliwahi kuwaaminisha wageni wa wizara kwamba Tangi la Pili lina jini linalopenda wimbo wa taifa, wakasimama wima wakauimba. Niliwahi kumtangazia Haule msiba wake mwenyewe kwenye kipaza sauti. Nimejenga jina, tofali juu ya tofali, na sasa nilikuwa nimefungiwa ndani yake.

"Nyinyi wabara kwa utani!" Injinia alijifuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Eti na chai yake! Haya, nipe sahihi, mwenzangu, nakufa kwa baridi."

"Sitanii, Injinia."

Ndiyo wakacheka zaidi. Mama Semeni alinipiga begani. "Tumsi, wewe utakufa ukitania." Haule peke yake hakucheka. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Hofu niliyokuwa nayo mpaka hapo ilikuwa ya kusema. Sikuwa nimefikiria kwamba naweza kusema na isiwe kitu. Kalamu ya Injinia ilikuwa imenyooshewa mkono wangu. Kutia sahihi ingechukua muda mfupi kuliko kupiga chafya, na kila mtu angeshuhudia kwamba nilisema kweli, nao wakacheka. Ningekuwa na ushahidi, na ningebaki na mkono.

Nilikwenda stoo ya nyuma. Nilivaa glovu ndefu, miwani na barakoa, nikateka kikombe. Niliporudi walikuwa bado wanatabasamu, wakisubiri sehemu ya pili ya kichekesho. Nilirudisha vipande vitatu ndani ya sufuria, nikamsogeza kila mtu nyuma hatua tano, nikahakikisha waya umekaa kwenye kisanduku na bangili imewaka.

Nikatia magadi.

"Kiambata kisichosajiliwa," Mratibu ilitangaza kutoka kwenye nguzo zote kwa wakati mmoja. "Kiambata kisichosajiliwa, sufuria ya majaribio."

Titani, ambayo siku thelathini haikusema neno, ilisema yote pamoja. Haikuwa kuwashwa. Ilianzia kwenye kiwiko ikashuka kama maji ya moto ndani ya mfupa, ikafika kwenye vidole ikakuta hakuna pa kutokea, ikarudi. Nilisikia mtu anapiga ukelele wa chini, nikagundua ni mimi. Kwenye sufuria kile kipande king'avu kilikuwa kinatoa mapovu madogomadogo, mengi, kama soda.

"Kateni waya!" Injinia alipiga kelele. Hakuwa anatetemeka tena. "Kateni, ataumia!"

"Usikate." Nilikuwa nimeshika reli kwa mkono wa kulia. "Dakika kumi na mbili, Injinia. Ndiyo muda wa vali moja. Nataka uione."

"Bi Tumsifu, nakuamini!"

"Mizani bado haijaniamini. Hesabu."

Walihesabu. Sijui kama dakika kumi na mbili zimewahi kuwa ndefu hivyo Makambako. Nikeli nayo niliisikia, nyuma ya lile balaa, joto lilelile la mbali lililoongezeka kidogo tu, nikaling'ang'ania kama mtu aliyeona mtu wa kwao ugenini. Muda ulipotimia Injinia mwenyewe alichomoa vipande kwa koleo. Titani ilitoka ya kijivu, imeparuzika, na mizani haikuhitaji kubembelezwa. Aliusoma uzito, akausoma tena. Mama Semeni alikuwa anatazama dari, si pale tulipokuwa, bali upande ule wa mraba wa chaki.

"Juu yangu?" aliuliza.

Injinia alivua miwani. "Anayetia sasa hivi ni nani?"

Kila mtu alisoma sakafu. Mkono wangu ulikuwa unapoa vipande vipande, na nilikuwa na hasira, nayo ilinisaidia kusimama.

"Anayetia ni Mratibu," nilisema. "Idadi yake haifikiki bila magadi. Irudishe idadi kwenye dakika arobaini za kitabu, uone kama kuna mtu atakwenda stoo. Baada ya hapo njoo uniulize majina."

"Na aliyeanza?"

"Nimeshakwambia. Mlicheka."

Aliandika kwa muda mrefu. Tangi jipya, nikeli yenye kromu nyingi, hata kama ni miezi kumi na mmoja. Idadi ya Zamu B na za wenzao kusimamishwa mpaka ihesabiwe upya. Stoo ya nyuma kufungwa. Alipofika mstari wa mwisho alisita, akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani, "Hapa pameandikwa mhisi alificha au hakuficha. Hakuna pa kuandika sababu. Nimepatafuta, mwenzangu. Hapapo."

"Andika," nilimwambia. "Mkono nitakaoutumia kesho ni wa kulia. Nitaanza mazoezi leo, nianze kwa kumpungia Mama Semeni arudi dirishani."

Alicheka kwa adabu, kisha akashindwa kuendelea.

*

Zahanati ya kiwanda ina kitanda kimoja na dirisha linalotazama reli. Tabibu Lwitiko, kijana mpole wa Tukuyu, alinilaza, akauweka mkono wa kushoto juu ya mto mdogo, akaanza kuzungushia bangili vifaa vyake huku akinieleza kila kimoja, nadhani kwa ajili yake mwenyewe.

Mlango ulifunguliwa, Haule akaingia bila kubisha.

"Sijakutaja," nilimwambia.

"Najua."

"Basi mbona una uso kama wa mtu aliyekanyaga kifaranga?"

Alivuta kiti. Nilitegemea tusi, akatafuta, halikuja. "Injinia ananiita saa nane," alisema.

"Utamwambia nini?"

"Sijui, Tumsi. Toka asubuhi najiuliza. Sijui." Aliutazama mkono wangu juu ya mto, halafu akauchukua akaushika, hivyohivyo, mbele ya tabibu. Kiganja chake kilikuwa kikavu, chenye sugu pembeni ya kidole cha shahada. Sikuwa nimejua. Watani hawashikani mikono, wanarushiana maneno.

"Mke wako akikuona," nilisema.

"Nitamwambia nilikuwa natafuta upele."

"Hesabu mpaka kumi, mama," Tabibu Lwitiko alisema. "Kwa sauti. Nitaizima taratibu."

Nikahesabu. Kwenye moja na mbili hakukuwa na tofauti. Kwenye tatu kile kiwiko kilichoniwasha mwezi mzima kilinyamaza, na nikakikumbuka hapohapo kama mpangaji mkorofi aliyehama. Nne. Kwenye tano sugu ilipotea, ikabaki joto. Sita. Kwenye saba ilikuwa kama kushikwa kupitia blanketi, kisha mablanketi mawili. Nilifumba macho nisikilize vizuri.

Nane.

"Umeniachia, Mngoni?"

"Sijakuachia."

Nikafumbua macho. Kweli alikuwa ameushika, tena kwa mikono miwili, ameubana mpaka viungo vya vidole vyake vimekuwa vyeupe. Nikamtazama vizuri, nikasema tisa.